Kuwakilisha wakulima wa kahawa kwenye bodi: hatua kwa hatua, kwa mkulima wa Kilimanjaro

Mkutano mkuu wa chama ukifika kwenye kipengele cha kupendekeza wawakilishi, ukumbi hupoa. Wale waliosimama nusu saa iliyopita kulalamikia makato, miche na dawa feki sasa wanatazama chini. Jina lilelile la miaka yote linatajwa, linaungwa mkono, watu wanawahi gari. Msimu unaofuata tunaulizana uamuzi fulani ulipitishwa na nani, na mkulima alikuwa wapi wakati unapitishwa.

Mwongozo huu ni kwa mkulima mwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, Kibosho, Uru, Machame, Marangu, Mwika au Rombo, ambaye amewahi kuwaza kutoa jina lake lakini hajui pa kuanzia. Nimechukua kahawa kwa sababu ndilo zao ninaloliishi. Mwenye parachichi, maharage au mbogamboga atabadilisha majina ya ofisi, njia ni ileile. Na nikuombe ushike jambo moja tangu sasa: uzito wa mjumbe hutoka kwa wakulima waliomtuma. Akiingia na neno lao na hesabu zao anasikilizwa hata akiwa mmoja kati ya kumi. Akiingia mikono mitupu atatikisa kichwa tu wengine wakiamua.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao, KNPA, rais wake wa kwanza akiwa Joseph Merinyo, wakati walowezi hawakupenda kabisa kumwona Mwafrika akilima arabika. Kutokana na chama hicho ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933. Vyama vikuu vilifutwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wakulima waliotutangulia walikuwa na shule kidogo kuliko sisi, na walisimama mbele ya serikali ya kikoloni wakatetea kahawa yao.

Hatua ya 1: Jua nani anaamua nini

Wengi wanapeleka hoja nzuri kwenye mlango usio wake. Kabla hujaomba kiti chochote, chukua malalamiko matatu makubwa ya kijijini kwako, kisha uyafuatilie yanaamuliwa wapi.

Malipo ya awali ni kiasi gani, karani analipwaje, mashine ya kumenya inatengenezwa lini: hayo ni ya bodi ya AMCOS yenu, yaani chama chenu cha msingi cha ushirika, na mkutano mkuu wake. Kuuza kwa pamoja na mikataba mikubwa hufika kwenye chama kikuu, kinachounganisha AMCOS nyingi. Leseni za wanunuzi, usimamizi wa mnada na kanuni za ubora ni kazi ya Bodi ya Kahawa Tanzania, iliyoundwa chini ya Sheria ya Tasnia ya Kahawa ya mwaka 2001. Miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani inatoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu wilayani Hai. Dawa feki dukani ni suala la TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, yenye makao yake Arusha. Barabara ya kupitisha kahawa wakati wa mvua, pamoja na ukusanyaji wa ushuru wa mazao, ziulize halmashauri.

Ushuru huo unastahili neno zaidi. Hadi mwaka 2017 halmashauri ziliweza kutoza hadi asilimia 5. Bajeti ya mwaka huo ikashusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikaondoa ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mabadiliko hayo yalipita bungeni. Diwani asingeweza kuyaleta peke yake, wala Bodi ya Kahawa. Mjumbe anayelijua hilo hapotezi miaka miwili akimgombeza mtu asiye na kalamu.

Jua pia jinsi viti vinavyopatikana. Kwenye AMCOS mnapigiana kura. Kwenye bodi ya zao, mwenyekiti huteuliwa na Rais na wajumbe huteuliwa na Waziri wa Kilimo. Maana yake huko juu hakuna kampeni. Jina lako litafika tu kama linajulikana kwenye vyombo vya wakulima: chama chako, chama kikuu, mtandao wa wakulima kama MVIWATA, mikutano ya wadau. Ndiyo sababu nasisitiza uanzie chini hata kama macho yako yako kwenye bodi ya taifa.

Hatua ya 2: Hakikisha jina lako limekaa sawa kwenye vitabu

Nenda ofisi ya chama ukaombe kuona masharti ya chama na rejista ya wanachama. Ni haki yako kama mwanachama. Angalia: kiingilio na hisa zako zimelipwa? Una deni la pembejeo? Kahawa yako ya misimu ya karibuni imeandikwa kwa jina lako, au uliuza kwa walanguzi? Mtu anayepitisha kahawa pembeni halafu anaomba kuwasemea wanaopeleka chamani atakataliwa, na itakuwa haki.

Hapa nataka kuzungumza na akina mama. Kahawa ya mlima huu inachumwa na mwanamke, inachambuliwa na mwanamke, inaanikwa kwenye vichanja na mwanamke. Siku ya kupima, stakabadhi inaandikwa jina la baba, kwa kuwa kihamba ni cha ukoo wake. Matokeo yake ni kwamba mwenye ujuzi wa ubora kuliko wote nyumbani hana namba ya uanachama, na asiye na namba hapigi kura wala hapigiwi. Dada yangu, mama yangu: soma masharti ya chama chenu kuhusu nani anaweza kuwa mwanachama. Vyama vingi havidai umiliki wa shamba zima. Vinadai uwe mkulima wa zao na ulipe hisa. Ongeeni nyumbani, ikiwezekana sehemu ya kahawa ipimwe kwa jina lako. Msifanye hivyo mwezi wa uchaguzi, anzeni msimu mmoja kabla, ili jina lako liwe na kilo.

Na akina baba: kama mkeo ndiye anayejua hesabu za shamba, mpendekeze yeye. Sitalizunguka hilo.

Hatua ya 3: Pima muda na nauli

Kazi hii ni ya kujitolea. Kuna posho ya kikao na nauli pale mnapokaa rasmi, lakini siku za kuzunguka vitongojini, kusoma makaratasi na kupiga simu hazilipwi na mtu. Ongea na nyumba yako kwanza. Nani atabaki na ng'ombe? Nani atasimamia uchumaji?

Swali la uchumaji lina uzito wake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na bajeti ya Wizara ya Kilimo husomwa Dodoma kwa kawaida mwezi Mei. Hoja inayopelekwa Mei imechelewa, karatasi zimeshafungwa. Inatakiwa ianze kuzunguka Oktoba au Novemba, ipite kwenye kata na halmashauri kabla ya mwaka mpya. Na hiyo miezi ndiyo kahawa mbivu inaiva mlimani, kila mtu yuko na kikapu. Wakati mkulima hana nafasi ya kuinua kichwa ndipo mambo yake yanapopangwa. Kama huwezi kutoa siku chache katika miezi hiyo, afadhali umwachie mwingine kiti, umsaidie kwa njia nyingine.

Hatua ya 4: Chukua neno la wakulima

Usiitishe mkutano wa hadhara. Kwenye mkutano wa hadhara watasema walewale wanaosema siku zote. Nenda walipo watu: kituo cha kupimia asubuhi, baada ya ibada Jumapili, kwenye zamu ya mfongo, mfereji wa maji ya shamba, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kilabuni kwenye mbege kama hapo ndipo wazee wanakaa. Salimia kwa utaratibu. Kwa mzee wa ukoo usianze na daftari. Kaa, muulize hali ya migomba, mengine yatafuata.

Uliza maswali machache, yaleyale kwa kila mtu:

Msimu uliopita ulipeleka kilo ngapi, na ulilipwa shilingi ngapi kwa kilo, malipo ya awali na ya pili?
Kitu gani kimoja kikibadilika ungeongeza miti badala ya kuing'oa?
Ulishawahi kulisema hilo wapi, na ulijibiwa nini?

Swali la tatu ndilo lenye mali. Linakuonyesha hoja iliishia mlango gani, na mara nyingi utakuta haijawahi kuandikwa popote. Andika majibu palepale. Usichague wanaokubaliana na wewe. Mwenye miti sitini na mwenye miti elfu moja hawana shida moja, na kijana aliyeng'oa kahawa akapanda nyanya ana la kusema kuliko wote.

Utakapomaliza, rudi na orodha kwa watu walewale, waulize: nikipata nafasi ya kusema mambo mawili tu, yawe yapi? Waache wakate wenyewe. Mjumbe mwenye hoja tisa hana hoja.

Hatua ya 5: Geuza malalamiko kuwa hesabu

Hapa ndipo wawakilishi wengi wa wakulima wanapoangukia, na ndipo mimi ningependa utumie muda mwingi zaidi.

Mkulima anasema: "Tunaibiwa." Kikaoni neno hilo linamkasirisha mtu mmoja na linawafurahisha wengine, kisha ajenda inaendelea. Lete mfano huu badala yake, ukiujaza kwa takwimu za chama chenu. Za hapa nimeziweka ili kuonyesha njia tu.

Bei ya mnadani husomwa kwa dola kwa mfuko wa kilo 50 za kahawa safi, iliyokwisha kukobolewa. Mkulima anapima pachimenti, yaani kahawa iliyokauka ikiwa bado na ganda lake jembamba. Vitu viwili tofauti, na ukivichanganya mtaalamu wa upande wa pili atakumaliza kwa sentensi moja. Kwa kawaida kilo 100 za pachimenti nzuri hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi.

Tuseme kahawa yenu iliuzwa dola 200 kwa mfuko. Hiyo ni dola 4 kwa kilo ya kahawa safi. Zidisha kwa 0.8, unapata dola 3.20 kwa kilo ya pachimenti. Tuseme dola ilikuwa shilingi 2,500: kilo ya pachimenti ilistahili shilingi 8,000 kabla ya makato. Kama mkulima alipokea jumla ya shilingi 6,000, kuna shilingi 2,000 za kuelezwa, robo nzima ya bei. Sasa uliza kipengele kimoja kimoja: usafiri hadi kiwandani, ukoboaji, magunia, ghala, ushuru wa chama, ushuru wa halmashauri, riba ya mkopo uliotoa malipo ya awali. Kipi ni kikubwa kuliko chote? Kipi kimepanda kuliko msimu uliotangulia?

Utashangaa mara ngapi adui mliyemdhania siye. Riba ya mkopo ikikaa miezi mingi kwa sababu kahawa ilichelewa kukobolewa inaweza kula kuliko ushuru mnaoupigia kelele. Na ubora nao unaingia: kahawa iliyochanganywa mbivu na mbichi, isiyotenganishwa kwa kuelea majini, inashuka daraja, na hakuna bodi duniani itakayokurudishia daraja la AA kutoka kwenye kahawa mbichi. Mjumbe mwaminifu anarudi kuwaambia wakulima hilo nalo, hata kama halipendezi.

Kopi za stakabadhi ziambatishe. Ficha majina ya watu, acha kilo na shilingi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne atakusaidia kuzipanga kwenye jedwali. Na kwa hesabu ngumu, Chuo Kikuu cha Ushirika kiko hapahapa Moshi, wahadhiri na wanafunzi wake wanasoma mambo haya kila siku. Kubisha hodi ni bure.

Hatua ya 6: Toa jina lako

Tangazo la nafasi hubandikwa kwenye ubao wa chama na ofisi ya kata, mara nyingi kwa siku chache tu. Mwombe katibu wa chama akupigie likitoka. Kwa uchaguzi wa bodi ya chama kuna fomu za kujaza, mojawapo ikihusu mali na madeni yako. Ijaze kwa ukweli na uirudishe mapema, maana afisa ushirika anayesimamia hatakuongezea siku. Andaa kitambulisho cha taifa, cheti cha shule ulichonacho, na barua fupi. Barua iwe hivi:

"Mimi ni mwanachama namba … wa AMCOS ya …, mkulima wa kahawa kwa miaka …. Ninaomba kupendekezwa kuwakilisha wakulima katika …. Nimezungumza na wanachama wenzangu wa vitongoji vya … na mambo waliyonituma ni mawili: … na …. Nimeambatisha hesabu za msimu uliopita. Nikichaguliwa nitaleta taarifa ya maandishi kwa wanachama ndani ya siku kumi na nne baada ya kila kikao. Sina biashara ya kununua kahawa wala ya kuuza pembejeo."

Sentensi ya mwisho iandike kama ni kweli. Kama una duka la pembejeo, sema. Kuwa na duka si kosa. Kosa ni kukaa kwenye kikao kinachochagua msambazaji wa dawa huku duka lako likisubiri oda. Ukilitaja mwanzoni, siku ya ajenda hiyo utatoka nje na heshima yako itabaki.

Siku ya kujieleza utapewa dakika tatu, labda mbili. Sema jina, kitongoji, mambo mawili uliyotumwa, na ahadi ya kurudi na taarifa. Usiahidi bei. Mwenye uwezo wa kuahidi bei ya kahawa hajazaliwa. Bei ya arabika inatengenezwa kwenye soko la New York, na mvua za Brazil zinaigusa kuliko hotuba yako.

Ukikosa, mfuate aliyeshinda palepale, mpe karatasi zako za hesabu.

Hatua ya 7: Kabla ya kikao

Makabrasha ya kikao yaombe angalau wiki moja kabla. Ukiyapokea mlangoni asubuhi ya kikao, omba irekodiwe kwamba yamechelewa. Yasome ukiwa na kalamu, anza na kurasa za fedha zilizo nyuma. Neno usilolijua, mpigie afisa ugani au mhasibu wa chama. Kumuuliza mtu jioni ni rahisi kuliko kulinyamazia kikaoni.

Kisha tafuta ajenda yako iko wapi. Hii ni siri ndogo inayobadilisha kila kitu. Vikao vyetu vina mpangilio uleule: kufungua, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, ajenda za siku, mengineyo, kufunga. Hoja inayotajwa kwenye mengineyo hutajwa saa nane mchana, watu wanasubiri chakula, na huandikwa kama "mjumbe alishauri". Mwandikie katibu mapema, kwa barua, uombe iwe ajenda yenye namba yake. Ikishakuwa ajenda lazima itolewe azimio, na azimio lazima lirudi kwenye yatokanayo kikao kijacho. Hapo hoja yako haiwezi kufa kimyakimya.

Zungumza pia na wajumbe wengine kabla ya siku yenyewe. Mwakilishi wa wanunuzi si adui yako. Naye anataka kahawa nyingi na safi. Muulize yeye linamuuma nini.

Hatua ya 8: Ndani ya kikao

Fika mapema, keti pale mwenyekiti anapokuona. Omba nafasi kwa utaratibu: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuchangia ajenda namba nne." Sema hoja, hesabu, na unachoomba kiamuliwe, kwa mpangilio huo. Usiseme "wakulima wote wanataka", sema "nilizungumza na wakulima wa vitongoji fulani, wengi wao walisema hivi, wachache walisema vile." Kutaja wachache kunakupa uaminifu mbele ya watu wanaokupima.

Ukiulizwa usilolijua, jibu: "Nitaliuliza na kulileta kwa maandishi." Halafu lilete kweli.

Kabla ajenda haijafungwa, omba azimio lisomwe kama litakavyoandikwa: nani atafanya, nini, hadi lini. Usione haya kusisitiza. Azimio lisilo na mtu wala tarehe halina mwenyewe. Ukitofautiana na wenzako, omba muhtasari uonyeshe kwamba ulitofautiana na sababu yako, kisha uheshimu uamuzi wa wengi.

Posho halali pokea na utie sahihi. Bahasha ya pembeni kutoka kwa mtu mwenye ajenda mezani, mrudishie mbele ya shahidi. Moshi ni mji mdogo, na kijijini kwako habari itafika kabla yako.

Hatua ya 9: Rudi kwa waliokutuma

Ukurasa mmoja, kwa maandishi makubwa, ubandikwe kwenye kituo cha kupimia: tuliomba nini, nani alisema nini kwa ujumla, kimeamuliwa nini, kinasubiri nini na hadi lini. Mambo ambayo kikao kiliamua yabaki ndani usiyatoe, lakini sema wazi kwamba yapo. Soma kwa sauti kwenye vikundi vya wazee wasioona vizuri. Tuma picha ya ukurasa kwenye kundi la WhatsApp la chama, usibishane na watu humo. Anayepinga mwombe mkutane.

Habari mbaya zipeleke wewe mwenyewe, tena haraka. Mkulima anavumilia kushindwa, havumilii kufichwa.

Tangu siku ya kwanza fungua faili moja na uliweke mahali ambapo mtu mwingine anaweza kulipata: masharti ya chama, barua zote ulizoandika na majibu yake, mihtasari, jedwali la makato la kila msimu, namba za simu za ofisi husika, na orodha ya maazimio ambayo bado hayajatekelezwa. Muda wako ukiisha, keti na anayekurithi mpitie faili hilo karatasi kwa karatasi, na umsindikize kwenye kikao chake cha kwanza hadi mlangoni.